Mkwe Chini ya Meza

Mwalimu Asajile wa Hasamba alikuwa amekwisha kushinda kila kitu isipokuwa chakula cha jioni. Mtihani alifaulu. Daktari alimpima mapafu akaridhika. Hata koti la sufu alikwisha kushonewa, zito kiasi kwamba siku alipolijaribu shambani wachumaji wa kahawa walimwuliza kama ana homa. Ilibaki Jumamosi: Bwana Elimu, Mzungu msimamizi wa shule za wilaya, angemkaribisha mezani, aone kama kijana huyu anaweza kukaa masomoni Edinburgh, Ulaya, miaka mitatu bila kuwatia aibu waliompeleka. Asiporidhika, nafasi ingekwenda wilaya nyingine.

Na Asajile hakuwahi kushika uma. Pale Hasamba aliyejua mambo ya meza ya Kizungu alikuwa mmoja tu, Mama Enesi, mpishi wa Bwana Elimu mwenyewe. Tatizo ni kwamba huyo ndiye aliyemzaa Tabita, mchumba wake. Kwa mila ya huko, mkwe hamtazami mama mkwe, wala mama mkwe hamwoni mkwe akitafuna; wakikaribiana njiani, mmoja huingia kwenye mibuni mpaka mwenzake apite.

Basi masomo yalifanyika kupitia ukuta wa matete. Enesi alikaa jikoni kwake, Asajile akakaa uani na kiazi kwenye sahani, na Tabita akasimama mlangoni awe macho ya mama yake.

"Tabita, mwenzako ameshikaje uma?"

"Kama jembe, mama."

"Mwambie hatulimi. Na kisu?"

"Amekilamba."

"Mwambie huko aendako kuna maneno mengi ya kusema. Asiende bila ulimi."

Kufika Ijumaa, kiazi kilikuwa kinakatika bila kuruka uani.

Jumamosi walikaa wanne mezani: Bwana Elimu, mkewe Memsabu, Mchungaji Anania wa kamati iliyomchagua, na Asajile ndani ya koti lake, akitiririka jasho. Hakuna aliyemwambia kwamba Jairo, mtumishi wa mezani, alikuwa amekwenda Ndalambo mazikoni. Mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia Enesi na bakuli la supu, khanga imemfunika mpaka puani, akitembea kiubavu kama mtu anayepita penye nyuki.

Asajile akazama chini ya meza.

"Kitambaa changu cha kufutia mdomo kimeanguka," alisema kutoka huko.

Enesi alipotoka, akaibuka, akanywa supu vizuri sana. Nyama ilipoingia, akazama tena.

"Kitambaa tena?" aliuliza Memsabu.

"Ni chepesi, Memsabu."

Zilipokuja mboga, Bwana Elimu aliinama akachungulia. "Mwalimu, kitambaa chako kiko shingoni."

Asajile alifikiri kusema ana kizunguzungu, lakini mgonjwa naye hapelekwi Ulaya. Akasubiri mlango ufungwe, akatoka, akasimama wima.

"Anayeleta chakula ni mama mkwe wangu, Bwana. Nikimtazama nimemvunjia heshima. Edinburgh naitaka mno, hata usingizini naitaka. Lakini hata kwa ajili ya Edinburgh sitamtazama mama huyu."

"Ni kweli," alisema Mchungaji Anania, akijifuta machozi ya kicheko. "Mimi mwaka jana nilimkwepa wangu nikarukia mtaroni na Biblia mkononi."

"Na huko Edinburgh," aliuliza Bwana Elimu, "utaingia chini ya meza za watu?"

"Hapana, Bwana. Huko sina mama mkwe."

"Mimi ninaye huko. Unafikiri nilikuja Tanganyika kufuata nini?"

Memsabu alimtazama mumewe, kisha akainuka. "Keti, Mwalimu. Kilichobaki nitakileta mimi."

"Keti," alisema mumewe pia. "Meli inaondoka Septemba. Tule kwanza."

Jikoni, Enesi alikaa kwenye kigoda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya nyumba ile mbele ya mwenye nyumba. Memsabu alichukua bakuli la matunda ya kuchemshwa akaelekea mlangoni.

"Mpakulie kwa kushoto kwake, kama meza inavyotaka, Memsabu," Enesi alimwambia. "Na nitazamie kijiko anakishikaje, maana mimi siwezi."