Sauti ya Pili Nyuma ya Mlango

Hata sasa, Edna akisikia mtu anaimba nota kwa mdomo, do, re, mi, hurudi kwenye ile Jumamosi ya mwezi wa pili, mwaka 2006, baba yake alipompeleka kwenye usaili wa klarineti katika chuo kikuu kimoja cha Maryland.

Walitoka nyumbani, Gaithersburg, asubuhi. Theluji ilikuwa imerundikwa kando ya barabara, imeshaingia weusi wa moshi. Mzee Anatoli, baba yake, alivaa suti yake ya kwendea harusi. Alikuwa amepuliza klarineti miaka mingi katika bendi ya polisi kule Moshi. Tangu wahamie Marekani kazi yake ilikuwa kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini.

Chuoni walikaa kwenye korido pamoja na vijana wengine na wazazi wao.

"Mama, umekula?" baba akamwuliza.

"Nimekula, baba."

"Chai tupu si kula. Ukipuliza na njaa unatoa sauti ya birika."

"Baba, tafadhali. Watu wanasikia."

"Wasikie. Hapa nani anajua birika?"

Edna akainama kuficha kicheko. Siku zote alikuwa mtu wa kuona haya. Hata kuagiza soda dukani alimtuma mdogo wake. Lakini nafasi za klarineti mwaka ule zilikuwa mbili tu, naye alizitamani tangu siku aliyosikia wanafunzi wa chuo kile wakipiga kwenye ukumbi wao. Hakuomba chuo kingine.

Alipoitwa, aliwakuta walimu watatu nyuma ya meza ndefu. Kipande alichojiandaa nacho alikipiga vizuri, vidole vikamtii. Kisha mwalimu wa klarineti, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, akamwekea karatasi ambayo hajawahi kuiona.

"Itazame kidogo, halafu upige."

Edna akaitazama. Nota zilijaa kama siafu. Akaanza, akafika mstari wa pili, akapotea. Akarudi nyuma, akapotea tena palepale. Akashusha klarineti.

Zamani, kwenye kota za polisi Moshi, asingeanza hivyo. Jioni baba yake aliwakusanya watoto wa askari nyuma ya nyumba, katikati ya kamba za nguo zilizoanikwa, na sheria yake ilikuwa moja: hakuna kugusa klarineti mpaka wimbo umeimbwa kwa mdomo, nota kwa nota. Edna aliimba mwaka mzima kabla ya kukabidhiwa chombo. Na kila alipoimba, baba yake alimjibu kwa sauti ya pili, popote alipokuwa, hata akiwa bafuni na povu la sabuni kidevuni. Majirani walizoea. Mke wa koplo Elkanah alikuwa akisema nyumba ile haihitaji redio.

Alipofika Marekani, siku ya kwanza kwenye bendi ya shule aliimba nota zake kabla ya kupiga. Darasa zima likacheka. Tangu hapo hakuimba tena mbele ya mtu, isipokuwa baba yake jikoni.

"Unataka kuanza upya?" yule mama akauliza.

Edna alisikia masikio yanawaka. "Naomba niimbe kwanza," akasema, kwa sauti ndogo mpaka wakamwambia arudie.

Walimu wakatazamana. "Haya, imba."

Akaimba. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikapata njia, do, mi, so, fa, akaanza kuona wimbo unakoelekea. Akiwa mstari wa pili, nyuma ya mlango ikaingia sauti nyingine, nzito, inamfuata chini yake, inamshikilia asipotee. Baba! Kichwani mwake mzee alikuwa Moshi, amejisahau kabisa.

Mmoja wa walimu akaufungua mlango.

"Bwana, humu ndani kuna usaili!"

"Oh! Sori, sori sana, madam. Mdomo umenitangulia." Mzee Anatoli alisimama na kofia mkononi. Korido nzima inamtazama.

Walimu wakanong'ona. Yule mama akamgeukia Edna, na uso wake haukuwa mkali. "Hapo umesaidiwa, kwa hiyo karatasi hii hatuwezi kuihesabu. Tutakupa nyingine. Baba yako aende akasubiri kwenye gari."

Edna akasikia viatu vya baba yake vikienda, vikipungua, mlango wa nje ukajifunga. Karatasi mpya ikawekwa mbele yake. Akaimba peke yake. Kila mwisho wa mstari alijikuta anasubiri kidogo, kama mtu anayeacha nafasi kwenye benchi, na hakuna aliyekuja kukaa. Aliendelea mpaka mwisho. Kisha akainua klarineti akaipiga ile karatasi yote, bila kurudi nyuma hata mara moja.

Yule mama alimsindikiza mpaka mlangoni. "Sitakiwi kukuambia leo," akasema, "lakini tutaonana mwezi wa nane."

Kwenye gari baba yake alikuwa ameshika usukani, injini imezimwa.

"Nimekuharibia, mama?"

"Wamenichukua, baba."

Mzee Anatoli aliuachia usukani. Alitoa leso, akafuta kioo cha mbele, ambacho hakikuwa na uchafu. Walipoingia barabara kuu ndipo maneno yakamfunguka: walivaaje, nani aliuliza nini, utalala bweni au utakuwa unarudi nyumbani?

"Bweni, baba. Mwaka wa kwanza wote wanalala huko."

"Bweni," akasema. "Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa."

Edna akaliona bango la Gaithersburg linakuja, mkono wa kulia. Akaiona njia ya kutokea, na baba yake anaipita huku macho yakiwa mbele, gari likishika kuelekea Frederick, mji wa mbele zaidi. Angeweza kumwambia kwamba wamepitiliza nyumbani. Akaegemea kiti, akamwacha aendeshe.