Uso Aliouchonga Kijiti

Baada ya kumzika Kijiti, mama yake aliomba kitu kimoja tu: familia ichongwe imeketi mezani, wote wanne, kama kwenye ile picha ya zamani isiyo na rangi. Mumewe alikuwa fundi wa visanamu vya urefu wa kidole gumba, na alisifika kwa kupaka nyeusi, nyeupe na kijivu peke yake. Pichani walikuwa watatu, maana mpiga picha alikuwa Kijiti mwenyewe. Fundi akamchonga mkewe, akamchonga binti yao, akajichonga na yeye. Kijiti hakuwa na haja ya kuchongwa. Kabla hajaugua alikuwa amejichonga kwa wembe, pua na lile tabasamu lake la upande vyote vimo, kwenye kijipande cha mti. Kilichobaki ni kumpaka tu.

Fundi akampaka kwa kufuata picha yake ya shule.

Walipokwisha kuketishwa wote wanne, binti aliinama, akakunja uso.

"Baba, mbona kama yeye yuko chumba kingine?"

Fundi alitazama, akaliona kosa. Mwanga aliowapaka watatu ulitoka kulia, wa Kijiti kushoto, kama kwenye picha ya shule. Ukitumia kijivu huna shati jekundu la kudanganyia macho; ni mwanga na kivuli, basi. Mwanafunzi wake angekosea hivyo, angemfukuza.

"Mwache," mkewe alisema. "Hata alipokuwa hai, lini alikaa sawa mezani?"

Wakacheka, kisha kicheko kikawakauka.

Fundi hakumwacha. Alipaka nyeusi kushoto, nyeupe kulia. Nyeupe haikufunika vizuri, akaongeza mkono wa pili wa rangi, halafu wa tatu. Kila mkono ulikuwa mwepesi, lakini uso wenyewe ulikuwa sawa na punje ya dengu. Siku ya tatu alipochukua kioo cha kukuzia, mwanga ulikuwa mahali pake. Tabasamu halikuwepo. Rangi ilikuwa imelifukia.

Akachukua sindano, akajaribu kulifukua polepole. Rangi ikabanduka na kibanzi cha mti. Pua ikaenda nayo.

Mkewe alimkuta ameduwaa na sindano mkononi. Alikitwaa kioo, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Nimemharibu, mama."

"Ule uso aliuchonga yeye, mzee. Kwa mkono wake."

"Najua."

"Tutapata wapi mwingine?"

Mkewe alikifumbata kisanamu kiganjani, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Fundi alivuta karatasi na penseli, aichore ile pua kabla haijamtoka kichwani, apate kuichonga upya. Alichora, akafuta, akachora tena. Alipoiinua karatasi mbele ya macho, aliona amechora pua yake mwenyewe.