Kalamu Tatu za Afisa Usafi

Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi karani wa mishahara alijifungia ofisini, akatoa kalamu tatu kwenye droo, akaanza kumsainia mtu ambaye hata sura yake hakuikumbuka vizuri. Moja ya bluu, moja nyeusi, na ya tatu ilikuwa inaishiwa wino. Hiyo ilikuwa ya Jumatatu, maana bosi alisema watu wa kweli Jumatatu husaini kivivu. Siku ishirini na mbili, saini ishirini na mbili, zote za mke wa bosi. Kwenye kitabu cha mahudhurio mama huyo aliitwa Afisa Usafi. Kwenye karakana yenyewe, ambako watu walichomelea mageti na madirisha ya chuma toka asubuhi hadi jioni, alikuwa ameonekana mara mbili, na mara zote alikuja kuulizia funguo za gari.

Karani alikuwa msichana mpole, mwaka wa pili tu tangu amalize chuo cha uhasibu, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba mafundi walimbatiza jina la Kimya. Mshahara wake ndio uliomsomesha mdogo wake. Alipoambiwa asaini mara ya kwanza alidhani ni ya mwezi mmoja. Huu ulikuwa wa tisa. Kila akimaliza alikwenda bombani kunawa kwa sabuni hadi viwikoni, kama mtu aliyetoka kupara samaki waliolala.

Hila yenyewe haikuhitaji akili nyingi. Kodi humkata mtu mmojammoja. Haiulizi nyumbani mko wangapi. Kila mfanyakazi ana laki tatu za kwanza ambazo haziguswi, na mshahara ukinenepa, kisu nacho kinazama zaidi. Kwa hiyo bosi aliukata mshahara wake mnono vipande viwili, kimoja akakivisha jina la mkewe, na kodi ya familia yake ikanywea kama puto.

Kimya alikuwa amefika saini ya tano mlango ulipogongwa.

"Hodi, mwanangu!"

Alikuwa Fundi Cheche, mchomeleaji mkongwe kuliko wote, na nyuma yake Mama Kufuli, mtunza stoo, na funguo zake zikilia kiunoni. Kimya alisukuma kalamu pembeni, lakini kitabu kilibaki wazi.

Mzee aliweka slipu yake ya mshahara mezani. "Nisomee hapo. Macho yangu yameliwa na moto."

"Mshahara laki nane, baba. Kodi laki moja."

"Haya. Na huyu Mama Kufuli?"

"Mambo yangu yamefikaje kinywani mwako?" Mama Kufuli alimaka.

"Si ulinitajia mwenyewe tukinywa chai! Wewe laki nne, mumeo pale getini laki nne. Jumla laki nane, kama mimi. Wote wawili, kwa jumla, mnakatwa elfu arobaini. Mwanangu, nimekosea hesabu?"

"Hujakosea, baba."

"Basi sisi ni watu wa namna gani? Mimi na mama watoto tunakula sufuria moja, tunalala paa moja, lakini kodi inaniona kapera."

"Shemeji, usinionee kijicho," alisema Mama Kufuli. "Mimi namlipa yaya, nauli natoa mara mbili, na nikifika jioni ndiyo kwanza naanza kufua. Ningekuwa na mtu wa kunisubiri na maji ya moto, hiyo kodi yako ningeilipa huku nacheka."

"Mke wangu hakai nyumbani kwa kupenda. Binti yetu ana kifafa, anaanguka wakati wowote. Yaya wa kwanza alikimbia. Wa pili alikimbia. Wa tatu aliondoka na pasi yetu."

Mama Kufuli alicheka, kisha akajuta kucheka. "Hilo sikatai, shemeji. Hilo halina haki."

"Ndiyo nimekuja." Mzee alivua kofia. "Andika nusu ya mshahara wangu kwa jina la mama watoto. Siombi nyongeza. Tena si uongo, anafanya kazi ya hapa. Ovaroli kumi na nne za karakana nzima, nani anazifua?"

Kimya alilitazama gunia lililoegemea mlangoni, likinuka mafuta na jasho la wiki. Kila Ijumaa alimwona mzee akilibeba. Siku zote aliamini kuna malipo mahali.

"Analipwa ngapi, baba?"

"Anapewa sabuni, miche miwili. Tangu mfuaji aachishwe kazi, bosi aliniomba tumsaidie kwa muda tu. Muda wenyewe ndio huu, mwezi wa tisa. Leo mama watoto ameniambia nisirudi na gunia bila jibu."

Mwezi wa tisa. Kimya aliutazama mstari wa Afisa Usafi kitabuni. Nafasi ya mfuaji haikufutwa. Ilibandikwa jina jipya. Mstari aliokuwa akiusaini kwa kalamu tatu ulikuwa wa mama yule aliyeinamia beseni huku jicho moja likimchunga mwanawe.

"Baba... nafasi ya usafi ina mtu."

"Nani? Mbona simjui?"

"Mimi nina funguo za kila mlango hapa," alisema Mama Kufuli taratibu, "na mtu huyo sijawahi kumfungulia." Macho yake yalitua kwenye kitabu, yakahamia kwenye kalamu. Alimshika mzee mkono wakatoka. Gunia likabaki.

Kimya alikaa akiitazama mikono yake. Kisha alichukua kalamu moja, ya bluu, akakata saini zote tano, na kwenye kila siku ya mwezi akaandika: Hakuja. Hakuja. Hakuja.

Bosi aliusoma ukurasa ofisini kwake huku akitafuna kijiti cha meno. Hakufoka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Binti, unajua ni wasichana wangapi wanaitaka meza yako?"

"Najua, bosi. Lakini sisaini tena."

Bosi alitoa kicheko kidogo, akauchana ukurasa, akapiga simu. Mkewe alikuwa nje kwenye gari. Aliingia akinukia marashi, akaketi, akauliza, "Wapi?" na kwenye ukurasa mpya akasaini mara ishirini na mbili kwa kalamu moja, akizungumzia mapazia. Dakika mbili. Miezi tisa ya kunawa mikono, na kumbe kazi yote ni ya dakika mbili.

Kimya alitoka, akarudi akiliburuta gunia kwa mikono miwili. Akaliweka miguuni pa yule mama.

"Hizi ni za wiki hii, Madam. Kumi na nne."

"Ni nini hiki? Mungu wangu, kinanuka!" Alikunja pua, akaruka gunia kama anayeruka mtaro, akaenda zake.

"Fundi atalichukua," alisema bosi bila kuinua macho.

Fundi hakulichukua. Jumatatu mafundi walivaa nguo zao za nyumbani, cheche zikawatoboa, wakatukana hadi chai. Gunia lilikuwa limeshinda siku tatu kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Bosi alifungua mlango wake, akarudi nyuma, kitambaa puani.

"Kimya! Harufu gani hii?"

Msichana alisimama. Slipu ya mzee ilikuwa bado mezani kwake, laki moja ileile, na dawa ya kodi hiyo hakuwa nayo. Lakini jibu la hili alikuwa nalo, na kwa mara ya kwanza karakana nzima ilisikia sauti yake.

"Ni kazi ya Afisa Usafi, bosi. Ameshasaini kwamba ameifanya."