Kiti cha Katikati

Asubuhi hiyo ukungu ulishuka mpaka madirishani, na jaji alipopanda ngazi za mahakama alijihisi kama anatembea ndani ya maziwa. Taa za ukumbini ziliwaka, ila mwanga wake ulikuwa unaelea tu, haufiki popote. Karani alimpokea mkoba, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mheshimiwa, leo unatangulia wewe."

Alijua. Jaji aliyekuwa mkubwa wa jopo lao la watatu alikuwa amestaafu, na kiti cha katikati, kile chenye mgongo mrefu, sasa kilikuwa chake. Lakini maneno yale yalimpita kama yanamhusu mtu mwingine.

Nyuma yake alisikia kikohozi anachokijua tangu ujana wake. Mzee alikuja taratibu, joho mkononi. Huyu ndiye aliyemfundisha kazi. Alipotoka chuoni, wakili asiyejua hata pa kuweka mikono mbele ya hakimu, Mzee alimchukua ofisini kwake na kumnoa mpaka akanoleka. Mke wa Mzee alimwita mwanangu, na mpaka leo akienda kwao huingia jikoni na kujipakulia mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mama. Mbona umesimama mlangoni kama mgeni?"

Waliteuliwa siku moja, wote wawili. Na kwa majaji ukubwa hauendi kwa mvi. Wakiteuliwa pamoja, aliyetangulia kuapa ndiye mkubwa, hata kama mwenzake amefuata hapo hapo. Siku ile Mzee ndiye aliyeitwa kwanza, lakini lifti ilikuwa mbovu, alikuwa amepanda ngazi zote kwa miguu na pumzi hazijamtulia. Akapunga mkono: "Anzeni na binti huyu, mimi nahema kama mvukuto." Watu wakacheka, binti akaapa. Hakuna aliyewaza zaidi.

Wakaingia mahakamani, yeye mbele, Mzee akifuata, jaji kijana nyuma yao. Watu wote wakasimama. Alipoketi, kiti kilimpokea kwa ulaini wa ajabu, na sauti za mawakili zikaanza kumfikia kama zinatoka ng'ambo ya maji.

Mrufani alikuwa mama mfinyanzi. Tanuri lake la kuchomea vyungu lilikuwa pale enzi hizo kote ni vichaka. Baadaye nyumba zikajengwa kulizunguka, watoto wakaanza kukohoa kwa moshi, na mahakama ya chini ikaamuru lifungwe.

Mchana wakajifungia chumba cha nyuma kushauriana. Huko mdogo ndiye anayesema kwanza, mkubwa mwisho, ili asiwepo wa kumezwa na kauli ya mkubwa wake.

"Lifungwe," alisema jaji kijana. "Hao watoto wataishi kwa hewa gani?"

Mzee akavua miwani. "Mimi nasema libaki. Mama wa watu alikuwa pale kabla yao. Waliomfuata walimkuta, moshi wake waliuona. Aliyetangulia hafukuzwi na waliokuja nyuma yake."

Kisha wote wawili wakamgeukia yeye.

Miaka yote alikuwa akingoja Mzee aseme ndipo ajue anachofikiri mwenyewe. Dirishani ukungu ulikuwa bado haujaondoka, weupe mtupu, na ndani ya weupe ule akajiona amesimama siku ya kiapo, mkono juu, na Mzee kando akihema huku anatabasamu.

"Kutangulia ni jambo kubwa, Mzee," alisema polepole. "Mimi hapa nimekalia kiti kwa sababu ya kutangulia, na wewe unajua nilivyotangulia. Lakini hakunipi ruhusa ya kumziba mtu pumzi. Tanuri lihame. Apewe muda, na wenye nyumba wachangie gharama, maana kweli walimkuta."

Jaji kijana akaangalia vidole vyake.

"Umenipinga," alisema Mzee.

"Nimekupinga. Nisamehe."

"Unaomba msamaha wa nini? Jaji haombi msamaha kwa uamuzi wake!" Alikuwa mkali kama enzi za ofisini. Kisha akashusha pumzi. "Nitaandika hukumu yangu ya kutofautiana nanyi. Nayo utaisoma vizuri, maana nitakubana kwelikweli."

Na alimbana. Siku ya hukumu mfinyanzi alisikiliza yote bila kupepesa, akauliza tu kama muda huo unamtosha kumaliza vyungu vilivyokwisha kuagizwa. Aliambiwa unatosha. Akafunga khanga vizuri, akatoka.

Koridoni Mzee na mwanafunzi wake walikwenda sambamba, majoho yakiburuzika sakafuni. Kwenye ngazi Mzee akamshika mkono, si kwa heshima wala kwa cheo. Goti tu lilikuwa linamsumbua.

"Siku ile ya kiapo niliijua kanuni ya anayetangulia kuapa," alisema akitazama chini, ngazi baada ya ngazi. "Pumzi zilikuwa zimenirudia zamani."

Jaji akasimama. Mzee akamvuta kidogo.

"Twende bwana. Mama yako anatungoja, na akipasha chakula mara ya pili hatutakaa kwa amani."