Dole Gumba la Dafrosa

Kwa siku kumi na moja Dafrosa hakugusa udongo. Asubuhi ya siku ya kumi na mbili alikaa kizingitini kwake kijijini Ntalikwa, mikono imepakwa mafuta ya mgando na kuvishwa soksi za shule za mjukuu wake, akimwangalia mkwewe Consolatha akimwagia maji gunia lililofunika udongo.

"Mwagia na pembeni. Pale umeanza kupasuka."

"Mama, nimemaliza ndoo nzima."

"Maji peke yake hayatoshi. Unataka kukandwa."

Consolatha alipiga magoti akakanda. Kazi yake ni cherehani, wala hajawahi kujisingizia kuwa mfinyanzi. Alikanda kwa woga, kama mtu anayekanda maandazi ya wageni. Dafrosa akageuza uso, maana angeangalia zaidi angevua soksi.

Amri ya kupumzisha mikono ilitoka mjini. Soko jipya lilikuwa limekamilika, mabati ya bluu juu, na upande mmoja vilitengwa vizimba ishirini vya kuuzia kazi za mikono. Kijiwe cha barabara ya stesheni, ambako Dafrosa aliuza vyungu na mitungi kwa miaka ishirini na sita, kingevunjwa Jumatatu. Aliyetaka kuendelea kuuza mjini lazima apate kizimba, na aliyetaka kizimba lazima aweke kidole kwenye mashine. Mara mbili Dafrosa aliweka kidole na mara mbili mashine iliwaka taa nyekundu. Kijana wa usajili akamwambia vidole vyake havina mistari: asifanye kazi karibu wiki mbili, apake mafuta, ngozi itarudi. Leo ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho, na dirisha lingefungwa saa tisa.

Na kweli mistari haikuwepo. Mfinyanzi husaga vigae vya vyungu vilivyovunjika, akachanganya unga wake na udongo wa mbugani ili chungu kisipasuke motoni, na unga ule unakwaruza kama msasa. Dafrosa alikuwa ameusugua kwa vidole tangu usichana wake. Ncha za vidole zilikuwa zimelainika, zinang'aa, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa hiyo ni kasoro.

"Mama, unakwenda kupigana ngumi?" aliuliza Lugembe, dereva wa bodaboda, alipoziona soksi.

"Ndiyo. Na mashine."

"Basi shika vizuri, nikuwahishe ulingoni."

Ofisi ya usajili ilikuwa kwenye ghala la zamani la tumbaku, na harufu ya tumbaku haikuwa imetoka. Juu ya mlango lilitundikwa bango kubwa lenye rangi za kupendeza: mwanamke anafinyanga chungu, anatabasamu, meno meupe, kitenge hakina hata tone la tope. Swaumu, msusi wa mikeka kutoka Chemchem, alikuwa amesimama chini yake kwenye foleni, shingo ameinyanyua.

"Dada Dafrosa, njoo uhesabu vidole vya huyu."

Dafrosa akahesabu. Mkono wa kushoto wa yule mwanamke ulikuwa na vidole sita.

"Ni picha ya kompyuta hiyo," Swaumu akasema. "Wanaiambia tu, nataka mwanamke na chungu, yenyewe inachora. Mimi naona huyu atapata kizimba kabla yetu. Ana kidole cha akiba."

Watu wa foleni walicheka, na Dafrosa naye akacheka.

Ndani, sampuli zilizoletwa na waombaji zilikuwa zimeshapewa kazi. Fomu ilisema zitawekwa kwenye maonyesho. Mkeka wa Swaumu ulikuwa umetandikwa nyuma ya kabati, na kwa namna ulivyobonyea ilionekana kuna mtu anaulalia mchana. Mtungi wa Dafrosa ulikuwa kwenye kona karibu na meza ya usajili, umejazwa maji, umefunikwa kwa sahani ya plastiki, kikombe juu yake. Jokofu la ofisi lilikuwa pale pale pembeni, limechomolewa waya, ndani yake mafaili.

"Shikamoo mama," alisema Emilian, kijana wa usajili.

"Marahaba mwanangu. Nimefanya ulivyoniambia. Siku kumi na moja."

"Hujashika kabisa udongo?"

"Hata kidogo."

Emilian alifurahi kwa dhati, na hilo ni lazima lisemwe, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alimsaidia kuvua soksi, akamfuta mafuta kwa tishu, kidole kimoja kimoja, kama muuguzi. Kisha akamwekea dole gumba la kulia kwenye kioo cha mashine. Taa nyekundu. La kushoto. Nyekundu. Vidole vyote kumi vilipita pale, kila kimoja mara tatu.

"Mfumo umegoma, mama."

"Kitambulisho si hicho hapo? Picha si yangu?"

"Ni yako. Lakini vidole vilivyoko kwenye mfumo vilichukuliwa miaka ile, vilikuwa na mistari kidogo. Vya leo havifanani. Yaani mashine inasema wewe siyo wewe."

"Na wewe unasemaje?"

Emilian alifunua mtungi, akachota maji, akanywa kikombe kizima. Maji ya mtungi ule yalikuwa baridi kuliko maji yoyote mjini siku ile.

Hapo ndipo Abbasi aliposogea. Abbasi ana duka la ndoo na mabeseni ya plastiki, na alikuwa amekaa kwenye benchi tangu asubuhi bila kujipanga foleni. Alimfahamu Dafrosa miaka mingi kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Mama Tarsisi, usijisumbue. Hili ni jambo dogo. Naweka dole langu mimi, tunamaliza fasta."

"Kwa jina la nani?"

"Jina langu, kazi yako. Wewe unafinyanga, unaleta, mimi nauza. Na nafasi ikibaki naweka ndoo zangu mbili tatu pembeni. Hiyo si dili?"

"Kizimba ni cha kazi za mikono."

"Ndoo nazo si zinabebwa kwa mikono?"

Dafrosa akamgeukia Emilian. "Inaruhusiwa?"

Emilian aliangalia meza. "Mfumo una sehemu ya mwakilishi. Mwenye alama za vidole ndiye anahesabika mmiliki. Ukitaka, mama, ni dakika mbili tu."

Kwa hiyo mtu asiyejua hata udongo wa kufinyangia unachimbwa wapi angekuwa mfinyanzi kwa dakika mbili. Dafrosa alihisi hasira ikimpanda, na pamoja na hasira aibu, kama aliyekamatwa na kitu kisicho chake. Alitazama vidole vyake, akatazama mtungi. Ndipo akakumbuka.

"Geuza huo mtungi," alimwambia Emilian. "Angalia chini ya mdomo. Upande wa ukutani."

"Kuna nini?"

"Angalia tu."

Emilian akawasha tochi ya simu, akainama. Chini ya mdomo wa mtungi palikuwa na kishimo kidogo, kilichobonyezwa udongo ulipokuwa mbichi, na ndani yake mistari ya kidole, myembamba, imejikunja vizuri kama matuta ya shamba yanayofuata kilima.

"Sisi tunachoma pamoja, shimo moja, wanawake watano sita," Dafrosa alieleza. "Vyungu vikitoka vyote vimeshika moshi. Kila mmoja anabonyeza dole lake kabla ya kuanika, ili asichukue cha mwenzake. Huo niliufinyanga mwaka niliomzaa Tarsisi. Nimewaletea kwa sababu ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kufinyanga. Dole hilo ni langu. Mistari mnayoitafuta iko hapo, imechomwa moto, haiwezi kufutika."

Watu walivunja foleni wakasogea. Swaumu aliingiza kichwa, akasema "Wallahi". Emilian alinyoosha waya wa mashine, akainua kioo hadi kwenye shingo ya mtungi, na kwa muda mfupi kila mtu ndani ya ghala lile, pengine hata Abbasi, alitamani taa iwe kijani.

Ikawa nyekundu.

Emilian akapiga simu kwa bosi wake. Walimsikia akieleza, akaeleza tena, akasema "Hapana bosi, siyo mzaha", kisha "Sawa bosi."

"Anasema hatusajili mitungi."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Abbasi alijikohoza. "Mama Tarsisi, dole langu bado lipo."

Kijiwe kinavunjwa Jumatatu, Dafrosa alijua. Alijua pia kuwa kwa kuitikia kwa kichwa mara moja tu, vyungu vyake vingekuwa chini ya bati la bluu kabla ya wiki kuisha. Alifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akachukua fomu yake mezani, akaisogeza kwa Emilian.

"Nisomee hapo chini, kuhusu sampuli."

"Sampuli za waombaji wasiosajiliwa zitarejeshwa."

"Mimi nimesajiliwa?"

"Bado, mama. Yaani... hapana."

"Basi naomba mtungi wangu."

Emilian alitazama mtungi, akatazama jokofu lenye mafaili. "Sasa maji?"

"Abbasi ana ndoo."

Safari hii alicheka Swaumu peke yake. Abbasi, kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama, aliagiza ndoo nyekundu iletwe kutoka dukani, na Dafrosa akamimina humo maji ya mtungi taratibu hadi tone la mwisho, asije akaambiwa ameondoka na maji ya ofisi. Aliukausha kwa khanga, akakusanya soksi za mjukuu, akaaga kwa adabu. Nyuma yake Emilian aliita jina linalofuata.

Lugembe hakuuliza nani ameshinda. Aliendesha polepole njia nzima kwa sababu ya mtungi.

Dafrosa alipofika nyumbani hakula kwanza. Alifunua gunia, akaingiza mikono yote miwili hadi viwiko, akakanda hadi jasho likamtoka, na Consolatha alipoona machozi alileta kibuyu cha maji na unga wa vigae akaketi karibu. Jioni hiyo Dafrosa alifinyanga mtungi mmoja.

Jumatatu kijiwe kilivunjwa kama walivyoahidi. Katika orodha ya soko jipya, kizimba namba saba kiliandikwa ufinyanzi, mmiliki Abbasi, na wapitao waliona ndoo.

Wiki tatu baadaye, vyungu vilipokauka, wanawake wa Ntalikwa walichoma. Asubuhi majivu yalipopoa kidogo, Veridiana, aliye mkubwa kwao wote, alivitoa kimoja kimoja kwa fimbo na tambara, akavipapasa chini ya mdomo bila hata kuvitazama, akigawa: hiki changu, hiki cha Apolinaria, hiki changu tena. Alipofika kwenye mtungi wenye shingo ndefu, kidole chake kilitua kwenye kishimo mara moja tu.

"Wa Dafrosa."

"Umejuaje haraka hivyo, mama?" aliuliza Consolatha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika shimoni.

"Kishimo hakina mistari. Shika uone, laini tupu. Ntalikwa nzima dole la hivi ni moja."

Consolatha akashika. Dafrosa aliupokea mtungi wake kwa khanga iliyokunjwa, ukiwa bado wa moto, akauweka chini pamoja na mingine yake saba. Hakujua bado ataiuza wapi.