Gari Lililokubali Kukunjika

Watu wa Rugenge, mtaa wetu wa Uvira, hawana dogo: kila kitu kwao ni cha kuchekwa. Siku Venant alipoleta gari lake la mbio kutoka Bujumbura, jekundu, la milango miwili, tumbo nusura lilambe vumbi, walimuuliza kama atapita nalo juu ya barabara au chini yake. Na lilipogonga ukuta wa daraja kwenye tambarare ya Ruzizi, hao hao wakawa wa kwanza kukumbushana kwamba walisema.

Alikuwa anamkwepa ng'ombe. Wachungaji wa Bijombo walikuwa wanashusha kundi kwenda sokoni, ng'ombe mmoja akaona majani ya ng'ambo yamenona zaidi, Venant akakata usukani. Wachungaji ndio waliomtoa. Walisimulia kwamba pua yote ya gari ilikuwa imekwisha kabisa, lakini mlango ulifunguka vizuri kama wa sebuleni, na kijana yumo ndani, kavunjika mguu mmoja, anauliza kama ng'ombe ni mzima.

Mama yake, Félicité, hakucheka. Mumewe Basile alifia barabarani, ndani ya lori, na tangu siku hiyo mama huyo hakukaa tena kiti cha mbele cha gari lolote, hata teksi. Mabaki yalipoletwa uani kwake aliyafunika turubai, kama mtu anayefunika maiti, kisha akamwita binti yake.

"Laurette, ile kitu ilitaka kula mutoto yangu. Watu ya kununua byuma njo watakuja kuikata."

"Mama, unipe mpaka Pasaka. Nitaisimamisha."

"Isimame iende wapi?" Félicité alimtazama sana. "Basi, mpaka Pasaka. Ila unionyeshe sababu moja tu minye nisiichukie. Kama hakuna, inakatwa."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na Laurette alikuwa fundi. Alikuwa tolie, mnyooshaji wa bodi za magari, na nyundo zake zilikuwa za marehemu baba yake. Ndani ya nyumba kaka yake alilala na plasta mguuni, na kila jioni aliuliza habari za gari kabla ya kuuliza chakula. Laurette hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba mama ameshalihukumu.

Pamoja na nyundo, Basile alimwachia sheria moja: chuma kilichokunjika kimeshindwa, basi palipokunjika ongeza chuma. Ndivyo alivyotengeneza malori ya milimani na boti za chuma za ziwani, na sifa zake zilifika mbali. Alimwachia pia desturi ya garaji yake. Aliyenyoosha gari ndiye anayepanda kwanza, hata kama hajui kuendesha. Ikiwa mkono wako umesema uongo, uwe wa kwanza kuusikia.

Laurette alipoikata ile mihimili miwili ya mbele inayobeba mashine, yaani injini, alishika kichwa. Chuma chembamba kama debe! Tena mhimili haukuwa laini: kiwandani walikuwa wameubonyeza vijifereji hapa na pale, kana kwamba walitaka uvunjike.

"Wametuibia," alimwambia Pitchou, fundi wa umeme.

"Gari ya kiburi hivi, kumbe ni mukebe tu!" Pitchou alicheka mpaka akakaa chini.

Mihimili mingine ilipatikana kwenye gari la aina hiyo hiyo lililoungua nyuma, huko Bujumbura. Ilivuka mpaka wa Kavimvira juu ya baiskeli, nayo ilikuwa myembamba vile vile, na vijifereji vyake. Laurette akafanya alivyofundishwa. Aliichomelea mahali pake, kisha akaivisha vyuma bapa vya spring za lori pande zote. Alipoigonga kwa nyundo ililia kama kengele ya kanisa, akawaza jinsi baba angefurahi.

Mashine nayo iligoma. Starta ilizunguka, cheche zilikuwapo, petroli haikufika. Pitchou alifungua pampu, akaifunga, akaifungua tena, akatukana ukoo mzima wa waliolitengeneza gari. Mwishowe, alipokuwa amelala kifudifudi chini ya dashibodi, alimwita Laurette.

"Dada, kuja uone. Hakuna kitu iliharibika. Iko kabutoni hapa, kaswichi kadogo. Gari ilisikia inagonga, ikajifungia petroli yenyewe, juu muntu asiungue ndani."

"Nani aliiambia?"

"Wale waliitengeneza. Walijua siku moja itagonga."

Laurette alisimama pale, spana mkononi. Waliofikiria petroli wangesahauje chuma? Alikwenda nyuma ya ua, kwenye rundo alikoitupa mihimili ya zamani, akaipangusa, akailaza sambamba. Akachuchumaa kuyatazama makunjo. Chuma kilichoshindwa hupasuka ovyo, na yeye alikijua vizuri. Hiki kilikuwa kimejikunja kwa zamu, kunjo juu ya kunjo, kama kitenge kinachorudishwa sandukuni, na kila kunjo lilianzia kwenye kijifereji. Wa kulia na wa kushoto ilifanana kama mapacha. Makunjo yaliishia hatua moja kabla ya mahali pa miguu. Chuma kilikuwa kimelila lile pigo kidogo kidogo, kikamwachia Venant salio la kuvunja mfupa mmoja.

Mtu wa mbali, asiyeijua Uvira wala ng'ombe wa Bijombo, alikuwa ameketi akaiwaza miguu ya kaka yake. Laurette alitaka kupiga magoti.

Kisha akamkumbuka baba, na furaha ikamkauka. Lile lori lililomuua, Basile alilivisha vyuma mwenyewe, akapanda kwanza kama desturi, na kwenye kona ya kushuka kutoka Lemera likavaa mwamba. Lori halikupinda. Watu walilisifu hata matangani, na juma lile lile lilirudi kazini. Pigo lilitafuta pa kwenda, likampata aliyekaa mbele.

Alichukua mashine ya kukatia akaanza kuzitoa zile spring, machozi yakimtoka. Félicité akatoka jikoni.

"Sasa uko nakata weye mwenyewe? Pasaka bado."

Laurette alimpa mhimili uliokunjika. Mama aliupitisha vidole, kunjo baada ya kunjo.

"Hii ilikunjika, mama, juu Venant asikunjike."

Félicité alisimamisha kidole kwenye kunjo la mwisho. "Na ile lori ya baba yako?"

"Ile haikukunjika. Baba aliipa nguvu sana, nguvu yote ikapita kwake. Hakujua, mama. Minye pia nilikuwa nafanya vile vile, na gari ya vile ningemupa Venant."

"Waliisifu mbele yangu," mama alisema. "Nikaona haya kuichukia." Akaukumbatia ule mhimili wenye kutu, akalia kilio alichokibana tangu matangani.

Jumamosi kuu ya Pasaka Pitchou alikibonyeza kile kibutoni, na mashine iliitika. Haikunguruma kama malori tuliyoyazoea. Iliimba, nene na nyororo, sauti ikateremka mpaka ziwani, na hao wasio na dogo wakafunga midomo. Venant aliegemea magongo yake mlangoni. Pua mpya ilikuwa nyembamba, tayari kukunjika siku ikibidi.

Laurette alikaa kwenye usukani. Kabla hajaondoka, mlango wa pili ulifunguka. Félicité, katika kitenge chake cha kanisani, alikuwa anahangaika kujishusha kwenye kiti cha mbele, na majirani wakapata tena la kucheka.

"Mama, anayepanda kwanza ni fundi."

"Na fundi, nani alimuzaa?"

Alifunga mlango. Alinyoosha miguu mpaka ikagusa mbele, akaiacha hapo, kisha akaweka kiganja juu ya dashibodi.

"Mbele hapa njo baba yako alikuwa amekaa," alisema. "Twende."