Sekunde Kumi kwa Kila Video

Hasira zangu ziko karibu, na bosi wetu Fiachra anazijua. Jumatano ile alipoingia na kikombe chake cha chai kuuliza kama sehemu ya watoto kwenye ripoti imekwisha, nilimjibu imekwisha tangu jana, hatari ni ndogo, atie saini atuache tupumue.

Ndiyo kazi yetu hapa Glimta, mtandao wa video fupi, Dublin. Sheria ya Ulaya inaitaka kila kampuni kubwa ya mtandao ijipime yenyewe kila mwaka. Haipimi video moja mbaya, inapima mtambo mzima: jinsi unavyowachagulia watu cha kutazama, na madhara yake. Ripoti ilitakiwa Brussels Ijumaa. Tulikuwa tumefungua akaunti za majaribio, tukajifanya watoto, na ili tusipendelee kitu tukawekeana sharti: kila video sekunde kumi, kisha vuta nyingine. Tulijivunia sana haki yetu hiyo.

Mwenzangu Bláthnaid hakuwa na raha. Binti yake Síofra, wa miaka kumi na minne, alikuwa ameacha kula. Chakula alichofungiwa kilirudi kutoka shule kama kilivyokwenda, na mama mtu naye alikuwa akikonda kwa wasiwasi.

Mchana alikuwa akirudia jaribio la mwisho. Ikapita video ya msichana anayejipima kiuno kwa viganja viwili. Bláthnaid akaganda, maana ndivyo Síofra anavyofanya mbele ya kioo. Akaitazama mpaka mwisho, ikaanza upya, akaitazama tena, sharti limemtoka kabisa kichwani. Alipovuta nyingine, akaja msichana mwingine na kiuno chake. Kisha mwingine anayejisifu kushinda na njaa. Video za paka na mpira zilizokuwa zikipita mwanzo zikapotea.

Alinionyesha, na loo! Tulipima watoto gani sisi, wasiosita popote? Mtoto mwenye donda hukaa palepale panapomuuma.

Tukamwendea Fiachra. Si mtu mbaya, ila mwoga. Akasema jambo lililotokea kwa bahati haliandikwi, muda umekwisha, tutaliangalia mwakani. Nikamwambia mficha maradhi kilio humuumbua, na sauti yangu ikaanza kupanda. Bláthnaid akanishika mkono, akampa Fiachra simu yenye akaunti mpya.

"Pitisha tu, bosi. Ukiona inayokugusa, kaa nayo. Usitudanganye."

Akapitisha huku akitabasamu. Akasita kwa mwanamume anayepaka dawa upara wake. Sote tunaijua kofia ya Fiachra, haivui hata kantini. Chai haijapoa, simu imejaa vipara: vidonge, nywele za bandia, mtu mzima analia ndani ya gari. Nikamtania kwamba mtambo unamjua kuliko mkewe. Akacheka. Kisha kicheko kikakatika, lakini macho hayakutoka kwenye simu.

"Nina miaka hamsini," akasema, "na imenichoma."

"Wangu ana kumi na minne," Bláthnaid akamjibu.

Tulifuta "ndogo" tukaandika "kubwa", pamoja na dawa yake: watoto wasirundikiwe kitu kimoja, hata wakikitazama sana. Fiachra akatia saini, akapanda mwenyewe kubishana na wakubwa. Walimtoa jasho, ila wakakubali, na kabla ya Pasaka mtambo ulikuwa umebadilishwa. Siku hizi wananung'unika kwamba watoto wanauchoka mtandao wetu mapema. Wacha wanung'unike.

Jumatatu moja baadaye Bláthnaid aliingia macho mekundu. Nikajua yamezuka mengine, maana mtoto alikuwa bado anakwenda kwa daktari. Akaketi, akanishika mkono. Alisema jana Síofra aliitupa simu kwenye kochi, akamfuata jikoni.

"Akaniambia, 'Mama, hii kitu siku hizi inaboa. Kuna mkate?'"

Alikula vipande viwili, na siagi.